Kaizari Friedrich III: siku 99 za utawala bila sauti, juu ya kanseri ya koo

Mwanzoni mwa mwaka 1887, mrithi wa ufalme wa Ujerumani alianza kukauka sauti. Wengi walidhani ni mafua ya kipindi cha baridi. Miezi kumi na saba baadaye alikuwa kaburini, baada ya kutawala siku 99 tu, na mahali pake pakachukuliwa na kijana wake Wilhelm II, yule ambaye jeshi lake lilikuja kupigana mpaka kwenye maziwa ya Kivu na Tanganyika. Maisha ya Friedrich III yanaeleza jinsi kanseri ya koo inavyojificha, inavyotembea mwilini, na jinsi ugomvi wa waganga unavyoweza kumpotezea mgonjwa wakati.

Friedrich alizaliwa tarehe 18 mwezi wa kumi 1831 mjini Potsdam, karibu na Berlin, katika jumba kubwa linaloitwa Neues Palais. Baba yake, Wilhelm, alikuwa askari wa damu, mtu wa nidhamu na parade. Mama yake, Augusta, alitoka Weimar, mji wa watu wa vitabu na muziki, na alitaka mtoto wake asome. Ndiyo maana, tofauti na wakubwa wengi wa ukoo wake, Friedrich alipelekwa kwenye chuo kikuu cha Bonn, ambako alifundishwa sheria na historia.

Siku ya kwanza tarehe 25 mwezi wa kwanza 1858, alimuoa mjini London binti mkubwa wa malkia Victoria wa Uingereza. Bibi harusi naye aliitwa Victoria, alikuwa na miaka 17. Ndoa za wafalme wakati ule zilikuwa mambo ya siasa, lakini hawa wawili walipendana kweli mpaka mwisho. Walizaa watoto wanane. Wawili kati yao, Sigismund na Waldemar, walikufa wangali wadogo. Wa kwanza, Wilhelm, alizaliwa mwaka 1859 kwa shida kubwa, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu maisha yake yote.

Mshindi wa vita asiyependa vita

Jina la Friedrich lilijulikana Ulaya nzima kwenye uwanja wa vita. Tarehe 3 mwezi wa saba 1866, kule Königgrätz, jeshi alilokuwa analiongoza lilifika wakati ambapo mapigano yalikuwa bado hayajaamuliwa, na Austria ikashindwa siku hiyohiyo. Mwaka 1870 aliongoza tena askari dhidi ya Ufaransa, huko Wissembourg, Wörth na Sedan. Askari walimpenda, wakampa jina la mapenzi la Fritz.

Hata hivyo, mtu huyu hakuwa mpenzi wa vita. Alitaka nchi yake itawaliwe kwa bunge lenye nguvu, kama ile ya mke wake. Mwaka 1863, katika mji wa Danzig, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na amri iliyobana magazeti, amri iliyotoka kwa Bismarck, waziri mkuu wa baba yake. Mfalme alikasirika sana, na tangu siku ile Friedrich aliwekwa pembeni. Alipewa sherehe za kufungua, makumbusho ya kusimamia na safari za heshima. Katika moja ya safari hizo, mwaka 1869, alifika Misri kushuhudia kufunguliwa kwa mfereji wa Suez. Baadaye, wakati chuki dhidi ya Wayahudi ilipopanda Berlin, aliikemea waziwazi.

Kati ya mwezi wa kumi na moja 1884 na mwezi wa pili 1885, Bismarck alikusanya mjini Berlin wajumbe wa mataifa makubwa ili kupanga mambo ya Afrika. Ni wakati huo ambapo mataifa hayo yalitambua bendera ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji juu ya Kongo, na siku moja baada ya mkutano kufungwa, Wajerumani wakapata karatasi ya kuanzisha koloni yao ng'ambo ya Tanganyika. Friedrich alikuwa mrithi wa kiti, mwenye miaka 53, lakini si yeye aliyeshika kalamu. Alikuwa anangoja. Baba yake alikuwa anakaribia miaka 90 na bado alitawala.

Donge dogo kwenye koo

Mwezi wa kwanza 1887, sauti yake ilianza kukwaruza na haikurudi. Friedrich alikuwa mvutaji wa kiko kwa miaka mingi, jambo ambalo leo linajulikana kuwa moja ya sababu kubwa za kanseri ya koo.

Mwezi wa tatu, profesa Karl Gerhardt wa Berlin alimwangalia kwa kioo kidogo kinachoingizwa mdomoni. Chombo hicho kilikuwa bado kipya: kilikuwa kimebuniwa miaka 33 tu kabla, na mwalimu wa kuimba, Manuel García, aliyetaka kuona jinsi sauti inavyotoka. Kwenye ukano wa sauti wa upande wa kushoto, Gerhardt aliona donge dogo. Alijaribu kuling'oa, akashindwa. Kisha akalichoma kwa waya wa moto, mara nyingi, wiki baada ya wiki. Donge lilipungua, likarudi. Mgonjwa alipelekwa kupumzika kwenye maji ya moto ya Bad Ems. Aliporudi Berlin, donge lilikuwa limekua zaidi.

Mwezi wa tano aliitwa Ernst von Bergmann, mpasuaji mkubwa wa Berlin. Yeye na Gerhardt walisema ni kanseri, na kwamba shingo ipasuliwe haraka, koo lifunguliwe na donge liondolewe. Siku ikawekwa: tarehe 21 mwezi wa tano. Kufuatana na kumbukumbu alizoandika Bismarck mwenyewe, waganga walitaka kuanza kazi bila kumweleza mgonjwa kila kitu, naye akamwomba Kaizari mzee akataze jambo hilo mpaka Friedrich akubali.

Upasuaji wa namna hiyo haukuwa kitu cha kawaida. Ni mwaka 1873 ndipo Theodor Billroth, huko Vienna, alipoondoa kwa mara ya kwanza koo lote la sauti la mgonjwa wa kanseri. Tangu siku hiyo, wengi waliofanyiwa kazi hiyo walikufa katika siku au wiki za kwanza, na waliopona walibaki bila sauti. Kule Berlin, Bergmann hakupendekeza kuondoa koo lote, lakini kila mtu alijua kwamba kisu kikishaingia, kazi inaweza kuenda mbali kuliko ilivyopangwa. Basi waganga wa Ujerumani wenyewe walikubaliana kumwita mtaalamu wa nje atoe maoni yake. Wakamchagua Morell Mackenzie wa London, aliyekuwa ameanzisha hospitali ya koo katika mji huo mwaka 1863, na ambaye vitabu vyake vilisomwa kila mahali.

Kipande cha nyama na jibu lililopotosha

Mackenzie alifika Berlin siku ya tano tarehe 20 mwezi wa tano jioni. Aliangalia koo la mgonjwa na kusema kwamba macho peke yake hayatoshi. Kabla ya kumpasua mtu, akataka kipande kidogo cha donge kikatwe na kipimwe chini ya darubini. Kesho yake, siku ya posho, siku ileile iliyopangwa kwa upasuaji, alikata kipande hicho, na kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, profesa ambaye dunia nzima ilimtambua kama bwana wa mambo ya magonjwa ya chembe za mwili.

Virchow hakuona kanseri. Upasuaji ukafutwa. Vipande vingine vilikatwa katika wiki zilizofuata, na jibu likabaki lilelile: ngozi ya ndani imekuwa nene, lakini hakuna alama ya kanseri.

Hapa ndipo moyo wa habari hii ulipo. Virchow alisema ukweli juu ya kile alicholetewa. Lakini kipande kilikuwa kidogo na kilitoka juujuu. Wataalamu waliochunguza kesi hiyo baadaye wanafikiri huenda ilikuwa aina ya kanseri ambayo juu yake inaonekana kama chunjua la kawaida, wakati mizizi yake iko chini. Jibu lisiloonyesha kanseri lilihusu kipande kile tu. Familia, magazeti na Mackenzie mwenyewe walilipokea kama jibu juu ya koo lote.

Tarehe 21 mwezi wa sita, malkia Victoria alipoadhimisha miaka 50 ya utawala wake, Friedrich alipita barabara za London juu ya farasi, mrefu, mwenye ndevu, katika mavazi meupe ya jeshi. Watu walimshangilia. Wachache walijua kwamba hakuweza kusema kwa sauti. Mwezi wa tisa, malkia alimpa Mackenzie cheo cha heshima cha Sir kama shukrani.

San Remo

Mgonjwa hakurudi Berlin. Alipelekwa kwenye kisiwa cha Wight, kisha Scotland, kisha milima ya Tirol, na mwishowe Italia, ili kutafuta hewa nzuri. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja 1887 alifika San Remo, pembeni ya bahari, katika nyumba inayoitwa Villa Zirio. Siku chache tu baadaye, uvimbe mpya ukaonekana, sasa chini ya nyuzi za sauti. Mackenzie aliitwa haraka, na mara hii hata yeye hakuweza kukataa tena: ilionekana kuwa kanseri. Waganga kutoka Vienna, Berlin na Frankfurt waliungana naye kwa mawazo.

Friedrich aliwauliza wazi, akajibiwa wazi. Aliwashukuru, akakataa kuondolewa koo lote, akakubali tu kwamba siku atakaposhindwa kupumua watoboe shingo. Siku ile ilifika tarehe 9 mwezi wa pili 1888. Mpasuaji kijana, Friedrich Gustav Bramann, msaidizi wa Bergmann, alitoboa bomba la pumzi na kuingiza kijibomba. Tangu hapo Friedrich aliandika kwenye vipande vya karatasi kila alichotaka kusema.

Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 9 mwezi wa tatu, simu ya maandishi ililetwa kutoka Berlin: baba yake amefariki. Friedrich alikuwa Kaizari. Kitendo chake cha kwanza kilikuwa cha mume. Alivua utepe wa nishani ya Tai Mweusi, nishani kubwa kuliko zote za Prussia, akamvalisha mke wake.

Siku 99

Alivuka theluji ya milima ya Alps kwa treni, akafika Charlottenburg usiku wa tarehe 11. Alikuwa amengoja kiti hicho miaka mingi, na sasa hakuwa na nguvu ya kubadili mengi. Bismarck alibaki. Wapinzani wake ndani ya serikali walihesabu siku. Hata hivyo, alisoma makaratasi, alipokea wageni, na wiki moja kabla ya kufa alimwondoa waziri wa mambo ya ndani, Robert von Puttkamer, aliyejulikana kwa kutumia wafanyakazi wa serikali kushinda uchaguzi.

Kando ya kitanda chake, waganga waliendelea kugombana. Tarehe 12 mwezi wa nne, kijibomba cha shingoni kilisumbua, Bergmann akaitwa kukibadilisha. Upande wa Mackenzie ulimshitaki kwamba alikiingiza kwa nguvu na kuumiza mgonjwa. Upande wa Wajerumani ulikana. Usaha ulifuata, na homa. Nje, magazeti yaligawanyika: mengine yalimlaumu mganga Mwingereza, mengine yalimlaumu Kaizarina kwa sababu alizaliwa Uingereza, ingawa waganga wa Berlin ndio waliokubaliana kumwita Mackenzie. Mgonjwa mmoja alikuwa amegeuzwa kuwa vita ya mataifa mawili.

Tarehe 24 mwezi wa tano, alisimama kwa mara ya mwisho katika sherehe ya familia, ndoa ya mtoto wake Heinrich. Mwanzoni mwa mwezi wa sita alisafirishwa kwa meli ndogo mpaka Potsdam, katika jumba lile alimozaliwa. Chakula kilianza kupita kwenye bomba la pumzi. Siku ya tano tarehe 15 mwezi wa sita 1888, asubuhi, alikata roho. Alikuwa na miaka 56.

Kijana wake, Wilhelm II, mwenye miaka 29, alizungusha jumba na askari siku hiyohiyo, akitafuta maandishi ya baba yake. Makaratasi mengi yalikuwa yameshapelekwa Uingereza. Juu ya hayo, alilazimisha mwili upasuliwe na kuchunguzwa, hata kama mama yake hakutaka.

Kanseri inapotembea

Virchow alikuwa mmoja wa waliofanya uchunguzi huo. Hakukuwa na nafasi ya shaka tena. Koo la sauti lilikuwa limekwisha, mahali pake pamebaki shimo lililooza. Kwenye tezi ya shingo, upande wa kushoto, kanseri ilikuwa imefika. Mapafu yalikuwa yamejaa maambukizi, juu ya uchafu ulioshuka kutoka kooni.

Njia hiyo ndiyo ya kawaida ya kanseri ya kichwa na shingo. Inaanzia mdomoni, kooni au nyuma ya pua, inapita kwenye tezi za shingo, na kama haikuzuiliwa, inafuata damu mpaka kwenye mapafu, mifupa au ini. Lakini kuna sehemu za mwili ambazo inazifikia kwa nadra kabisa, hata kama damu nyingi inapita mle. Moja ni misuli: ya paja, ya mgongo, ya bega. Misuli ni sehemu kubwa sana ya mwili wa mtu, lakini kanseri ya koo kuonekana ndani yake, mbali na shingo, ni jambo ambalo mganga anaweza kulikuta mara chache tu katika kazi yake yote.

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Friedrich, mpasuaji wa London, Stephen Paget, alijaribu kueleza fumbo hilo. Alichunguza maandishi ya wanawake zaidi ya 700 waliokufa kwa kanseri ya ziwa, akaona kwamba ugonjwa hauangukii popote ovyo. Alifananisha kanseri na mbegu na viungo vya mwili na udongo: mbegu inapeperuka kila upande, lakini inaota tu pale inapokuta udongo unaoifaa. Wanasayansi wa leo wanaongeza kwamba misuli inajikaza na kulegea bila kukoma, damu yake inabadilika kila wakati, na asidi inayotoka humo mtu anapofanya kazi inaweza kuwa sumu kwa chembe za kanseri. Hakuna maelezo hata moja yanayotosha peke yake.

Udongo huo mgumu si ukuta, lakini. Kuna wagonjwa waliotibiwa koo, wakaonekana wamepona, kisha wakapata uvimbe wenye maumivu kwenye paja au mgongoni. Ni rahisi kudhani ni jipu au msuli uliovutika. Ndiyo maana waganga wa leo wanafuata kanuni ileile ambayo Mackenzie aliitaka, lakini kwa uangalifu ambao yeye hakuwa nao: kukata kipande, kukipima, na jibu lisipolingana na hali ya mgonjwa, kukata tena, ndani zaidi.

Kaizarina Victoria naye hakuepuka. Kanseri ya ziwa ilimshika, ikahamia kwenye uti wa mgongo, na baada ya maumivu makali akafa tarehe 5 mwezi wa nane 1901, miaka 13 baada ya mume wake. Kwake yeye, mbegu ilikuwa imeota kwenye mifupa.

Yaliyobaki

Mackenzie aliandika kitabu cha kujitetea katika mwaka uleule wa 1888, akiwashambulia wenzake wa Ujerumani na kutoa siri za mgonjwa wake. Wapasuaji wa London walimkemea. Jina lake lilichafuka, na mwaka 1892 alikufa, akiwa na miaka 54. Wajerumani nao walikuwa wametoa ripoti yao. Pande zote mbili ziliandika mengi juu ya nani alikosea.

Wanahistoria bado wanabishana kama Friedrich angetawala miaka 20, Ulaya ingekuwa nyingine. Wengine wanasema angeleta bunge lenye nguvu na urafiki na Uingereza. Wengine wanajibu kwamba alikuwa mtu wa kusita, na Bismarck angemshinda. Kinachojulikana ni kilichotokea chini ya kijana wake. Mwezi wa nane 1914 Wajerumani walishambulia bandari ya Lukuga, ambayo leo ni Kalemie. Mwezi uliofuata walikiteka kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Askari wa Kongo walivuka mpaka na kuingia Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa 1916, na nyuma yao kulikuwa na maelfu ya wabebaji wa mizigo waliotolewa vijijini, wengi wao bila kurudi.

Donge la ukubwa wa punje ndilo lililoanzisha yote yaliyompata Friedrich. Leo, kanseri inayoanzia kwenye nyuzi za sauti ni moja ya zile zinazopona vizuri kama ikionekana mapema, kwa sababu inamkausha mtu sauti kabla ya kufika mbali. Waganga wanashauri kwamba sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu bila sababu, kidonda cha mdomoni kisichopona, shida ya kumeza, au tezi ngumu ya shingo isiyouma, vyote vipelekwe hospitali, zaidi kwa mtu anayevuta tumbaku au kunywa pombe kali. Na yule aliyekwisha kutibiwa, akiona uvimbe mpya mahali popote pa mwili, hata kwenye msuli wa mguu, amkumbushe mganga ugonjwa wake wa zamani.

Friedrich III alizikwa Potsdam, katika kanisa linaloitwa la Amani, karibu na watoto wake wawili waliomtangulia.